Sibebwi Tena Kwenda Majini

Watu wa Buyenzi, mtaa wetu hapa Bujumbura, wananijua kwa mambo mawili: nauza pyesi, na sina subira. Pyesi ni vipuri vya magari, na mimi nauza vile vidogo vidogo: boliti, nati, bushi, pini, beringi za zamani zilizosafishwa kwa petroli. Kibanda changu kiko barabara ya magereji, kati ya fundi wa rangi na fundi wa springi, na tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri masikio yangu yanakula nyundo tu. Nimekaa pale miaka mingi juu ya baiskeli yangu ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, maana miguu iliniacha nikiwa mtoto, ugonjwa wa kupooza ulipopita kwetu. Sisimulii haya ili mtu anihurumie. Ukinihurumia nitakuuzia boliti kwa bei ya juu.

Kutoka kibandani kwangu mpaka Ziwa Tanganyika si mbali. Mwenye miguu anatembea, anafika, anarudi, na chai yake anaikuta bado ina moto. Mimi, mpaka nimekuwa mtu mzima kabisa, nilikuwa nimefika majini mara tatu, na mara zote tatu nilibebwa. Ya kwanza ni mgongo wa baba, hiyo siihesabu, kila mtoto hubebwa na babake. Ya pili ni mgongo wa mume wangu, Mungu amrehemu, mwaka ule tuliooana. Alinizamisha miguu majini tukacheka mpaka watu wakageuka kutuangalia. Mara ya tatu nilikuwa mjane. Tulikwenda kundi la wanawake siku ya Idi, baiskeli ikakwama mchangani, wenzangu wakamwita mwanamume mmoja tusiyemjua, wakampa hela ya soda, akanibeba. Alikuwa ananuka pombe. Akanitua karibu na maji, akaenda zake. Wenzangu nao wakaenda kupiga picha, na mimi nikabaki pale chini kama gunia la makaa mpaka walipokumbuka kuwa nipo.

Siku ile niliapa, wallahi, sitabebwa tena na mtu kwenda majini. Nikifika nitafika kwa mikono yangu. Nisipofika, basi, ziwa likae huko na mimi nikae huku.

Miaka ikapita hivyo, tumenuniana, mimi na ziwa. Halafu siku moja nilikwenda ofisi ya komine, serikali ya mtaa, kufuata karatasi ya kibanda. Karani akaniambia ningoje. Nikangoja, na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine nikasoma ukuta. Kati ya tangazo la chanjo na tangazo la kitambulisho kilichopotea palikuwa na karatasi mpya. Ilisema kuna ruzuku, yaani fedha ya umma isiyorudishwa, kwa vyama vya wananchi vitakavyofanya mambo mawili kwa pamoja: kulinda mahali wanyama wa porini wanapoishi, na kufungua njia ili watu wa kawaida waende kuwaona na kupumzika. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za mtu asiyetaka zisomwe, waliongeza: wakiwemo watu wenye ulemavu. Nilisoma hapo mara tatu. Karani akaniita jina langu, sikusikia.

Chama tulikuwa nacho. Mafundi wa barabara yetu wana chama cha kusaidiana, mmoja akiugua au akifiwa. Mwenyekiti ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, fundi wa malori, mtu mkubwa wa mwili na mchache wa maneno. Yeye ananiita shemeji, nami namwita shemeji, na tumegombana kwa heshima hiyo miaka yote. Mimi nilikuwa katibu kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri na mikono yangu ina grisi kidogo kuliko yao.

Nilipowapelekea habari ile kwenye kikao walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Fundi wa rangi akauliza kama kiboko ataleta gari lake kufanyiwa sevisi. Shemeji akasema sisi tunajua springi, ndege hatuwajui. Nikawaacha wamalize. Kisha nikawauliza ni nani katika mji huu wa Bujumbura anayetengeneza bodi za malori, zile zinazobeba tani za ndizi kwenye barabara za milimani bila kuvunjika. Wakasema ni wao. Nikawaambia njia ya mbao juu ya tope ni bodi ya lori isiyotembea, basi. Hapo kicheko kikapungua. Fundi akishaanza kuona kitu kwa macho ya kazi, umempata.

Mahali tulipopachagua ni upande wa Buterere, kaskazini ya mji, pale mashamba ya mpunga yanapoishia na kabla ziwa halijaanza. Katikati hapo ni kinamasi, matete marefu na tope, na mvua ikinyesha hata nyumba za watu zinaingia maji. Hatukupajua. Aliyepajua ni mama mmoja aliyekimbia vita Kongo zamani, mwenye kukata matete, kusuka mikeka na kuipeleka sokoni Cibitoke kuuza. Tulimkuta amezama mpaka magotini, kisu mkononi. Alituangalia sisi watu wa gereji na ovaroli zetu, akauliza tumepoteza gari gani humo.

Tulipomweleza, hakucheka. Alitoka topeni akatuonyesha kila kitu kwa ncha ya kile kisu: hapa kiboko hupita jioni kwenda kula, kwa hiyo jioni njia yenu ifungwe na mtu asijifanye mwanaume; na pale, kwenye matete mafupi, misambi hutaga. Misambi ni korongo wenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, ndege ambao Warundi wengi wanawajua kwa ngoma na hadithi kuliko kwa macho. Mimi niliwaona siku ile kwa mara ya kwanza, nikiwa nimekaa ukingoni mwa shamba la mpunga ambako baiskeli ilikataa kwenda mbele. Wawili, mbali, wanatembea kwa maringo kana kwamba kinamasi chote wamekirithi kwa mama yao. Nikawapenda hapohapo. Nadhani nilipenda vile wasivyoharakisha kwa ajili ya mtu.

Shemeji alitaka njia inyooke kwa sababu njia iliyonyooka inakula mbao kidogo. Mama wa matete akasema ikinyooka inapita juu ya mayai. Wakabishana kidogo, akashinda mama. Njia ikapindishwa kama kiwiko, nami nikaichora hivyo kwenye dosie, faili la maombi yetu, na upana nikauandika mwenyewe: baiskeli yangu na mtu wa kupishana nayo. Mwisho wa mchoro niliandika neno moja, majini.

Afisa wa ruzuku alikuja Buyenzi kutuona. Kijana msafi, mabuti mapya, kalamu mbili mfukoni. Kila swali alimwuliza shemeji, na kila swali shemeji alimjibu aulize katibu. Yule kijana akawa anatazama huku na huku juu ya kichwa changu akimtafuta huyo katibu. Mwishowe nikagonga kengele ya baiskeli. Ndipo akatazama chini. Aliona haya, na kwa kweli toka siku ile alinisalimia kwanza mimi kabla ya wengine wote. Sitamsema kwa ubaya kuliko anavyostahili.

Walitukubali. Barua ilipofika wale wale waliocheka walinunua soda barabara nzima. Masharti yalikuwa wazi: serikali inatoa mbao na vyuma, sisi tunatoa kazi, na kipo kipengele cha mchango wa wananchi, kitu tutakachoongeza sisi wenyewe. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Baadhi ya nguzo za kushikilia njia zilikuwa za miti. Buyenzi kila mtu anajua mti ukiingia ardhini unaliwa na mchwa na kuoza, na kila mtu anajua dawa yake: mafuta ya vidanji, yale meusi yanayomwagwa kwenye injini gari likibadilishwa mafuta. Nguzo za geti la baba yangu zilipakwa hayo kabla sijazaliwa na zipo mpaka leo. Nani abishe? Yapo bure, mapipa yamejaa kila gereji, na nani mwingine katika nchi hii angekuwa na mchango wa wananchi mwepesi namna hiyo? Wazo lilikuwa langu. Na kazi nikaitaka iwe yangu. Waliniletea nguzo mbele ya kibanda, moja moja, wakazilaza juu ya mapaja yangu juu ya gunia, nami nikazipaka kwa mikono, mara mbili, mara tatu, mpaka mti ukashiba. Siku zile nilikuwa na furaha ambayo sijui niiseme vipi. Kwa mara ya kwanza katika kazi ya wanaume wale sikuwa mwandishi wa pembeni. Nilirudi nyumbani mweusi mpaka viwiko, na sabuni yote ya nyumba ikaisha.

Nguzo zikasimikwa. Kipande cha kwanza, kule kwenye nchi kavu, zilikuwa za chuma cha chasisi, kwa sababu chuma kilitosha hapo. Kipande cha mwisho, kile cha kwenye maji, zikawa hizo zangu. Mvua zikaja.

Wiki ya pili ya mvua, mama wa matete alikuja Buyenzi kwa miguu kutoka Buterere. Alisimama mbele ya kibanda changu na tita la matete kichwani. Nilidhani ameleta mikeka. Akatua tita juu ya meza, juu ya boliti zangu zote, na nikaona matete yale chini yana weusi unaong'aa rangi rangi. Nikaujua weusi ule kabla hajafungua mdomo.

"Mi nilikuonyesha fasi misambi inatotoa, dada," alisema. "Nilikuonyesha juu muipite mbali. Sasa angalia."

Akaondoka, matete akaniachia. Hakupaza sauti hata kidogo. Afadhali angenitukana.

Nikamwita shemeji. Akanusa tete moja, akaliweka chini. Alisema afisa anakuja kukagua baada ya siku chache, kwa hiyo tutandaze nyasi juu ya maji, tufunike nguzo kwa udongo, ukaguzi upite, kisha tutaona. Nilielewa kwa nini alisema vile. Chama chetu hakijawahi kupewa kitu na serikali isipokuwa faini. Lakini niliangalia mikono yangu na weusi uliobaki kwenye kucha, na sijui nilimkasirikia nani, yeye au mimi. Nilimwambia gari likiharibika mikononi mwa fundi, fundi analiosha akamrudishia mwenyewe usiku, au anamwambia? Akasema inategemea mwenyewe ni nani. Nikamwambia mwenyewe ni ndege, na ndege hawawezi kuja kulalamika.

Kesho yake niliendesha mpaka ofisi ya ruzuku. Ofisi iko ghorofani, ngazi tu, ofisi inayotoa pesa ili watu wenye ulemavu wafike porini. Nikamtuma mlinzi amwite. Afisa akashuka, nikamwambia yote mlangoni, bila kupunguza. Akashika kichwa. Alikasirika kweli, na alikuwa na haki, nikamwacha akasirike. Alipomaliza, akaanza kuhesabu kwa vidole njia ya kujiokoa. Nguzo za mafuta zing'olewe zote mara moja. Kazi iishie pale palipo na chuma. Dosie ifungwe kwa wakati, kwa sababu wakubwa zake wameshapanga siku ya uzinduzi. Kipande kilichobaki mpaka majini kiachwe, ni kifupi tu.

Nikamwuliza, na mimi nitafikaje? Akatabasamu, akasema nisiwe na wasiwasi, siku hiyo watakuwepo vijana wenye nguvu, watanibeba mpaka majini, na picha itatoka nzuri.

Nilimkata jicho nikageuza baiskeli. Nilizungusha mpaka Buyenzi bila kupumzika, na njiani nililia, kwa sababu makosa yalikuwa yangu na nisingeweza hata kumtukana vizuri.

Tuling'oa nguzo. Mafundi wote waliingia topeni na jeki na mnyororo wa kunyanyulia injini, wakazitoa moja moja kama meno mabovu. Nguzo niliyoipaka kwa furaha ikitoka inaacha shimo, na kwenye shimo mafuta yanapanda. Mama wa matete akatuonyesha, bila kuniangalia, jinsi ya kutandaza makapi ya mpunga juu ya maji ili yanywe mafuta, kisha kuyakusanya na kuyatoa. Tulifanya hivyo siku nyingi. Makapi yalikuwa yanapita mikononi mwangu ukingoni, niyatie magunia. Misambi hawakuwepo tena.

Siku ya uzinduzi ikafika. Viti vya plastiki, kitambaa cha maandishi, wakubwa na miwani yao ya jua. Njia ilikuwa nzuri, sikatai. Nilipita juu yake na mbao zikaimba chini ya magurudumu, nikafika pale kwenye kiwiko, nikafika mbele kidogo, na mbao zikaisha. Mbele yangu matete, tope, na nyuma ya matete maji yanaonekana, karibu kiasi cha kurusha boliti. Hotuba zikasomwa. Mtu akasema kwa furaha kwamba leo hata dada zetu wenye ulemavu wamefika ziwani. Kisha nikahisi mikono chini ya makwapa yangu. Vijana wawili, walitokea nyuma, hawakuniuliza. Mmoja alishaanza kuninyanyua.

Nikashika gurudumu kwa mikono yote miwili.

"Mukiniinua," nikawaambia, "nitapiga kelele mpaka kiboko itoke."

Wakaniachia. Mpiga picha akashusha kamera. Afisa akaja akainama karibu yangu, ananibembeleza kwa sauti ya chini, mama tafadhali, dakika moja tu. Nikamwambia dakika moja aliyonibeba mlevi imenikaa rohoni miaka. Akaona hapo hapiti, akatoa karatasi. Ilikuwa karatasi ya kupokea kazi, ile inayofunga dosie. Imekwisha kuandikwa kwa mashine: njia imekamilika kutoka barabarani mpaka majini. Kasoro: hakuna. Shemeji alikuwa ameshatia sahihi yake kubwa. Ilibaki ya katibu, na bila ya katibu haifungwi.

Niliisoma mpaka mwisho, watu wamesimama.

"Hapa mumeandika njia imefika kwenye maji," nikasema. "Mi niko wapi?"

Nikamrudishia kalamu yake.

Basi nilichokipata baada ya hapo nisikuambie. Barabara nzima ilininunia. Mafundi walikuwa wanataka cheti cha kutundika gerejini, na cheti hakitoki dosie ikiwa wazi. Wake zao walisema nina kiburi, eti mtu asiye na miguu anachagua jinsi ya kwenda. Hilo lilinifikia, na liliniuma, na aliyelisema bado namwuzia nati bila kumsamehe. Wengine walisema kweli zaidi: kosa ni lake mwenyewe, halafu anatuadhibu sisi. Nilijiuliza nikiwa peke yangu kama nadai haki au natafuta tu kumaliza hasira ya siku ile ya Idi. Naamini yalikuwa yote mawili. Lakini sahihi sikutia. Afisa alikuja mara mbili, akaniletea karatasi ile ile, na mara mbili nikamwuzia boliti asizozihitaji akaondoka.

Shemeji alikuwa hanisalimii. Kwa mtu mchache wa maneno kama yeye ni vigumu kugundua, lakini niligundua. Halafu Ijumaa moja, baada ya swala, akaja kibandani na kofia yake bado kichwani. Akachukua chaki ya kuwekea alama vyuma, akaanza kuchora juu ya meza yangu, kati ya boliti. Akachora bomba la chuma limesimama. Chini yake akachora rimu ya gurudumu la lori, imelala, bomba limechomelewa katikati. Mguu na kiatu chake. Haizami topeni, haiozi, haihitaji dawa. Rimu mbovu Buyenzi zimejaa.

Nikamwuliza zitatolewaje grisi. Akasema zitaoshwa kwa sabuni na majivu, halafu zitaoshwa tena, halafu yule mama wa Buterere atazinusa, akikataa zitaoshwa tena. Nikamwuliza kwa nini sasa. Akapangusa chaki vidoleni.

"Nilienda kule jana," akasema. "Nilisimama mwisho wa mbao. Ile ni aibu ya fundi, shemeji."

Ndivyo alivyo. Machozi yangu yote hayakumgusa, ila kazi iliyokatika katikati ilimnyima usingizi. Sikulalamika, nilimwekea chai.

Afisa alipoona hatutaki fedha nyingine, tunataka muda tu, aliandika barua ya kuongezewa muda, na ikarudi imepigwa mihuri mitatu. Nadhani alikuwa amechoka na boliti zangu. Mafundi wakaosha rimu barabarani, povu likatiririka mpaka msikitini, imamu akalalamika, wakahamia uwanjani. Mama wa matete alinusa zote. Alikataa nne. Alipokataa ile ya nne alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya matete meusi akatikisa kichwa kidogo kunisalimia.

Walimaliza kipindi cha kiangazi. Asubuhi ya kuijaribu njia niliwaomba wote wabaki nyuma, kwenye kiwiko. Shemeji akasema vizuizi vya pembeni ni imara, ila nisiende kasi. Nikaenda kasi. Mikono iliniwaka moto, mbao zinapiga chini yangu, matete yananipita pembeni, halafu matete yakaisha na mbele hapakuwa na kitu chochote isipokuwa maji, na milima ya Kongo ng'ambo ile. Nilifunga breki. Mawimbi madogo yalikuwa yanagonga rimu za lori chini yangu. Hakuna aliyenitua pale, na hakuna ambaye ningemngoja arudi kunichukua. Nilikaa. Nilicheka peke yangu kwa sauti, kisha nikatazama kulia, kwenye matete mafupi, na hapakuwa na ndege.

Mama wa matete alikuja akasimama nyuma yangu baada ya muda. Nikamwuliza kama watarudi. Akasema amewaona wawili upande wa mto Rusizi, labda ni hao, labda ni wengine. Labda mwaka ujao, labda hapana. Hakunifariji, na sikustahili.

Afisa alikuja na mabuti yake, ambayo sasa yalikuwa na tope la kweli. Amefurahi. Akatandaza ile karatasi juu ya kizuizi, akanipa kalamu, akasema sasa mama huna neno, majini umefika. Nikakubali, ni kweli. Nikaenda mstari wa kasoro, nikakata lile neno hakuna, nikaandika juu yake kwa mwandiko wangu mzuri kwamba nguzo za kwanza zilipakwa mafuta machafu ya injini, kwamba mafuta yaliingia kwenye maji, kwamba misambi wameacha kutaga hapo, na kwamba aliyeyapaka ni katibu. Kisha nikatia sahihi.

Alisoma, furaha ikamtoka. Akasema kwa upole, si kwa vitisho, kwamba mambo yalikuwa yameshasahaulika, kwamba karatasi hii inakwenda kwa wakubwa na wakisoma hivyo chama chetu hakitapewa tena ruzuku yoyote. Alikuwa na karatasi nyingine safi mkobani. Akaitoa, akaniomba nitie sahihi hiyo, hii aichane.

Shemeji alikuwa amefika, anasikia. Nilimtazama. Hakunisaidia wala hakunizuia.

"Mi nimefika hapa kwa mikono yangu," nikamwambia yule kijana. "Na ile mafuta niliipaka kwa mikono yangu. Upeleke yote mbili."